Wiki tatu nyuma ya nondo za duka la mama

Mwezi wa sita mama alitolewa mtoto wa jicho. Upasuaji wenyewe haukufika hata saa moja, ila masharti aliyorudi nayo nyumbani yalimtisha kuliko kisu: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asikae penye vumbi wala moshi. Mtu anayeuza kwenye duka la mtaani Kigogo, Dar es Salaam, tangu 1998, ukimwambia asiiname umembakizia nini? Kiroba cha sukari kiko chini, mchele uko chini, mkaa uko nje na vumbi lake. Nikaomba likizo yangu ya mwaka, nikabeba begi, nikarudi kwenye chumba nilicholelewa, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikafungua dirisha.

Sikwenda kwa wema mtupu. Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kupekua vitabu vya watu, na kwa miaka kumi nimekuwa nikimwambia mama kwamba duka lake linaliwa na mkopo. Yeye hunijibu, "Haya mwanangu," kisha anaendelea kupima unga. Safari hii angekuwa ndani kafungwa jicho, na mimi nipo kaunta. Jedwali nilishaliandaa kwenye kompyuta. Niliona wiki tatu zinanitosha kukusanya madeni, kufunga mkopo na kumkabidhi duka safi.

Duka lenyewe ni fremu moja iliyotolewa kwenye nyumba yetu, upande unaoteremkia Bonde la Msimbazi. Baba alipopunguzwa kiwandani, nusu ya mafao yake iliezeka nyumba, nusu nyingine ikanunua mizani na viroba vya kuanzia. Ilikuwa mwaka wa mvua za El Niño, kwa hiyo duka lilizaliwa kwenye tope. Mbele kuna dirisha la nondo lenye kitundu cha kupitisha mkono, na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu. Mizani ni ya mawe. Jiwe la robo liliwahi kuanguka likameguka, mama akalizungushia waya mpaka uzito wake ukarudi, maana wakati ule mteja alikuwa anapunjwa. Ukutani kaka yangu aliandika kwa rangi nyekundu, 2004: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Chini ya maandishi hayo hayo ndipo linaponing'inia, kwa kamba ya viatu, daftari la mkopo.

Mteja wangu wa kwanza kukopa alikuwa mtoto wa miaka kama sita, kashika kikombe cha plastiki.

"Shikamoo. Mama kasema umpe mafuta ya jero, atakuja."

"Marahaba. Mama yako nani?"

Akaniangalia kama nimemuuliza jua linachomoza wapi. "Mama," akasema.

Nikamwambia akamwite. Akaanza kuondoka, ndala zikipiga lami, pa, pa, pa, na hapo sauti ikatoka chumbani: "Mrudishe huyo! Ni wa fundi cherehani. Mpe. Baba yake Ijumaa analipwa sare za shule." Mama alikuwa kalala chali na bandeji jichoni. Kamtambua mtoto kwa ndala.

Ndiyo hivyo nilivyoanza. Kufika saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshahudumia watu wapatao arobaini na mauzo yangu hayajafika elfu thelathini. Majani ya chai ya mia. Sukari robo. Kipande cha sabuni. Kiberiti. Mkaa wa kopo moja, "niongezee kidogo dada, si unajua jiko langu." Asilimia kubwa ya biashara ya duka la uswahilini ni kukata kitu kikubwa vipande vidogo kiasi kwamba mwenye mia mbili naye ale.

Watu wanaopenda kuandika kuhusu umaskini husema maskini anaponunua robo robo anauziwa ghali kuliko tajiri anayenunua kiroba. Ni kweli, na sina sababu ya kuficha. Kwa mama kilo ya sukari mwezi ule ilikuwa 3,000 na robo 800, kwa hiyo aliyenunua robo nne alilipa 200 ya ziada. Nilipomtajia mama hesabu hiyo hakukasirika. Akaniuliza: huyo mwenye 800, nani mwingine atamuuzia saa tatu usiku? Kibarua analipwa kwa siku, bodaboda anakunja hesabu ya bosi kwanza ndipo aone kilichobaki. Mtu wa namna hiyo kilo kwake ni stoo, na stoo yake ni duka la mama. Ile 200 ni kama kodi ya stoo. Sikuridhika sana na jibu lake, na mpaka leo sijaridhika kabisa, lakini sina la kumjibu.

Wiki ya kwanza yote nilifanya kazi ya daftari usiku, nikishafunga. Ni kaunta buku ya kawaida, ya tatu au ya nne tangu duka lianze, nyingine zimo kwenye sanduku chini ya kitanda chake. Nilitarajia majina. Mle hamna majina. Kuna "Bomba", kwa sababu anakaa karibu na bomba la maji. Kuna "Baba Mapacha", "Mpangaji wa Kijani", "Ticha", "Mkali", "Mdogo wake Mkali". Kuna mtu anaitwa "Asante" tu. Kila mmoja ana ukurasa wake na mistari kama hii: mchele robo tatu, dagaa 500, mafuta 500, panadoli 2. Akilipa mstari unapigwa wino, akilipa nusu unaandikwa upya chini. Sehemu nyingine mama kachora duara dogo pembeni. Nilimuuliza maana yake. Akasema duara ni "usimkumbushe".

Nikajumlisha. Watu 63, jumla 1,184,500. Kisha nikahesabu mali iliyomo dukani, kila kiroba na kila kipande cha sabuni, ikaja kama 2,300,000. Maana yake theluthi nzima ya mtaji wa mama haipo dukani, imo kwenye masufuria ya majirani na nyingine ilishaliwa zamani. Watu 11 walikuwa na deni la zaidi ya mwaka, jumla yao 312,000. Kazini tunaita mikopo chechefu. Nikawapaka rangi nyekundu kwenye jedwali.

Halafu nikafanya kosa la kufungua sanduku la chini ya kitanda.

Buku la 2011 limevimba, karatasi zimeshikana, wino umetawanyika ukawa wa zambarau. Wakazi wa Dar wenye umri wangu hawahitaji kuambiwa. Kuanzia tarehe 20 Desemba mvua ilinyesha siku kama tatu mfululizo, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikasema haijawahi kunyesha vile tangu 1954. Msimbazi ukapanda mpaka kwenye mapaa, watu wakaokolewa juu ya bati, Jangwani pakawa bahari. Sisi tuko katikati ya mteremko: ndani ya duka maji yalifika magotini na kukaa usiku mmoja, wakati nyumba tatu chini yetu hazikuonekana. Nilikuwa chuo wakati ule, nje ya mkoa, na nilijua habari hizo kwa simu tu. Mama aliniambia wote wazima, chumvi imekwisha. Alimaanisha imeyeyuka.

Kwenye buku hilo kuna ukurasa mmoja usio na jina la mtu. Juu yake ameandika MVUA. Chini yake hamna bei, kuna vitu tu: unga 4, unga 2, mchele 3, mishumaa, kanga 1 (yangu), maziwa ya mtoto, unga 5. Zinaendelea kurasa mbili na nusu, mpaka tarehe 2 Januari. Hakuna hata mstari uliopigwa wino wa kulipwa.

"Hizi zililipwa?" nikamuuliza asubuhi.

"Nyingine."

"Zipi?"

"Waliolipa wanajijua."

Misaada rasmi ilikuja, sitaki kuidharau: waliokimbilia shuleni walipewa magodoro na chakula, na serikali ikatoa viwanja Mabwepande, njia ya kwenda Bunju, kwa familia za bondeni. Lakini kati ya maji kuingia usiku na gari la kwanza la msaada kuonekana huku kwetu kuna muda, na muda ule watoto wanataka uji. Unga wa kupikia uji huo ulikuwa kwenye rafu za juu za maduka kama la mama, umbali wa hatua ishirini, mikononi mwa mtu anayejua nani ana kichanga na nani anamtunza bibi asiyeweza kupanda mlima. Hakuna orodha iliyoandikwa. Orodha alikuwa nayo kichwani, kwa sababu kila siku anaona nani kanunua nini.

Kuhusu Mabwepande, baadhi ya majirani walikwenda, wakajenga, wapo. Wengine walirudi, na magazeti yaliwashangaa sana, kwamba hawa watu hawaogopi kufa? Nimewauliza wawili watatu wakati nikiwa kaunta. Mmoja, anauza samaki wa kukaanga, alinijibu kwa swali: kule angeanza kwa mali ya nani? Huku anachukua samaki soko la Feri kwa mtu anayemwamini, mafuta anakopa kwa mama, mkaa kwa jirani, jioni analipa wote na kubaki na chake. Mabwepande alipata kiwanja, mtu wa kumkopesha lita ya mafuta hakupata. Bondeni ni hatari, na mimi ningependa wahame. Ila anayewahamisha watu wa namna hii anapaswa ajue kwamba pamoja na nyumba, anang'oa mikataba isiyoandikwa kama ishirini hivi, na kila mmoja ulichukua miaka kujengwa.

Nilipofungua buku la 2020 nikamkuta "Ticha" tena. Kisa cha kwanza cha Korona nchini kilitangazwa tarehe 16 Machi, kesho yake shule zikafungwa, na yeye alikuwa anafundisha shule ya binafsi ambayo bila ada haikuwa na mshahara wa kumlipa. Kurasa zake zinaanza Machi kwa mchele kilo na mayai. Aprili ni mchele nusu. Mei ni unga na dagaa. Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni, na yeye akaanza kulipa Agosti, elfu tano tano, akamaliza Februari. Sijui kama kuna benki ingempa mkopo wa dagaa. Sasa ndiye anayewafundisha watoto wa mtaa hesabu jioni kwenye baraza ya duka, bila malipo, na kila akimaliza anapewa soda. Soda hiyo nayo ameandikiwa, na pembeni ina duara.

Wiki ya pili ndipo nilipopata somo langu, usiku wa kuamkia Alhamisi. Saa saba na robo nikasikia dirisha linagongwa, kwa kiganja, polepole. Mwizi hagongi polepole, nikajipa moyo. Alikuwa mjumbe wetu na vijana wawili. Mzee mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwetu alikuwa amefariki hospitali jioni, ndugu wameanza kufika, wengine wanatoka Tanga usiku huu huu.

Nilisimama na tochi ya simu bila kujua pa kuanzia. Mjumbe ndiye alinielekeza. Sukari kilo kumi. Majani ya chai. Mchele ishirini kwa kesho mchana, maharage, mafuta lita tano, chumvi, vikombe vya plastiki, mkaa gunia zima. Mama akaamka, akaja mpaka mlangoni kashikilia ukuta, akaongeza: "Na betri za ile spika, na mpe yule binti yake pampasi, ana mtoto mdogo, amekuja bila kitu." Nikaanza kuandika bei. Mjumbe akaniambia taratibu, kama mtu anayemsahihisha mgeni, "Andika tu vitu, dada. Hesabu tutakaa siku ya kuanua tanga."

Mpaka kunapambazuka mtaa wote ulikuwa umeshafanya kazi. Kijana wa bodaboda alikwenda stendi mara mbili kuwachukua wageni. Mwenye turubai na viti alifunga vyake bila kuuliza malipo ya awali. Mama wa vitumbua aliwasha jiko lake saa kumi badala ya saa kumi na moja, akapeleka sinia mbili. Yule mama alikuwa akiuzia pembeni ya barabara kuu mpaka Oktoba 2021, wamachinga walipotakiwa kuondoka barabarani. Tangu hapo anakaa kwenye baraza yetu. Hakulipishwa kodi, na mama akapata wateja wa sukari wanaokuja kunywa chai. Fundi cherehani alishona sanda. Hawa wote ni wafanyabiashara. Kila mmoja wao kesho yake alikuwa na hasara ndogo ya kuizungumza kwa mke au mume wake.

Siku ya tanga walikaa kweli. Rambirambi zikahesabiwa mbele ya watu, mjumbe akasoma orodha yangu, duka likalipwa 214,000 kati ya 231,500. Zilizobaki mama alisema ni sadaka yake. Basi nikatazama yale maandishi mekundu ya kaka na kucheka peke yangu. Kumbe matanga ndiyo siku duka lilipolipwa.

Mahali hapa ningependa kuishia, mtu asome aseme maduka madogo oyee. Ila mimi ni mhasibu, lazima niandike na upande wa pili.

Mshtuko wote wa mtaa unaangukia kwenye mtaji wa mwanamke mmoja, naye nyuma yake kuna nani? Kuna mwenye duka la jumla Manzese anayempa viroba kwa mali kauli: chukua, uza, lete hela Jumatatu. Na yeye ana mtu wake Kariakoo. Kuna kikoba cha Jumamosi, kikundi cha kuweka na kukopeshana, wanawake 30, hisa 5,000, mfuko wa jamii 1,000, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Kuna mchezo wa kupeana hela kwa zamu, na kijumbe wake, anayekusanya, ni mkali kuliko benki. Kamba zote hizi zimefungwa pamoja, ndiyo maana hazikatiki kirahisi. Kariakoo ilipogoma Mei 2023 na maduka kufungwa siku tatu, huku kwetu hakuna aliyelala njaa, watu walikula kilichokuwa kwenye rafu. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, mvua zikiwa zimekwamisha uvunaji wa miwa, serikali ikatoa bei elekezi na mtaani kilo ikapita 4,000 vilevile. Mama aliuza nusu kilo kwa kila nyumba, mwisho. Alikuja mtu na gari akitaka kilo 20 kwa bei yoyote, akaambiwa imekwisha, huku anaitazama.

Lakini kamba hukatika. Mwaka 2019 madeni ya mtaani yalizidi, mali kauli ikachelewa mara mbili, mtu wa jumla akanuna. Mama akaenda kwenye kiofisi kimoja cha mikopo, vile ambavyo watu wameviita wenyewe kausha damu. Milioni moja, marejesho 125,000 kila wiki kwa wiki kumi. Mimi sikuambiwa. Wiki ya sita alikosa, ya saba akakosa, ya nane walikuja na pikipiki ya magurudumu matatu wakabeba jokofu, mchana kweupe, mbele ya wateja. Alikaa siku mbili bila kufungua dirisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotaja programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, nilimtumia habari ile kwenye simu. Akanijibu kwa neno moja: "Afadhali."

Kikoba ndicho kilikomboa jokofu. Walikopa kwenye sanduku lao wenyewe, wakaenda wanane, wakalirudisha juu ya mkokoteni wa maji.

Kwa hiyo mtu akija na semina ya "kuwajengea uwezo" wenye maduka madogo, na huja, wana fulana na chupa za maji, mimi ningependa aanze na hilo. Mama hahitaji kufundishwa kutunza kumbukumbu. Anahitaji mahali pa kupata laki tano kwa wiki mbili bila kunyang'anywa jokofu. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni wazo zuri, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa na subira ya miezi. Mvua haisubiri miezi.

Na tusidanganyane, mkopo wa mtaani una ubaguzi wake. Mpangaji mpya hapewi chochote miezi mitatu ya mwanzo. Kuna dada mmoja alihamia Aprili, mama alimkatalia unga kwa sababu "bado simjui". Hizo nondo za dirishani zina watu ndani na watu nje. Tena anayekukopesha anajua unachokula, na akijua yeye, baraza yote inajua. Nilimpa yule dada kilo mbili kwa jina langu. Alilipa Jumapili. Sasa ana ukurasa wake: "Mgeni".

Miaka ile tukiwa wanafunzi tuliambiwa maduka haya yatakufa, maduka makubwa ya kisasa yanakuja. Yalikuja. Shoprite iliuza maduka yake ya hapa kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga yake 2015, Nakumatt nayo ikaondoka. Sisemi kwa furaha, watu walipoteza kazi. Nasema tu kwamba jiwe la robo lenye waya bado lipo juu ya mizani.

Mama aliruhusiwa kurudi kazini Jumatatu ya wiki ya nne. Jumapili jioni nikamkalisha kaunta na miwani yake mipya, nikamwonyesha jedwali. Alilisifia rangi. Akauliza wale wekundu ni akina nani.

"Hawa 11 hawatalipa, mama. Tuwafute, ujue hasara yako ni kiasi gani."

Akaniambia nimsomee mmoja mmoja. Wa kwanza amehama, futa. Wa pili amekufa, Mungu amrehemu, futa. Wa tatu, "Kuli", 64,000. Hapo akanyanyua mkono.

"Huyo usimfute."

"Ana mwaka na nusu hajaleta hata mia."

"Mwaka 2011 nani alilitoa jokofu humu ndani?"

Sikujua. Baba alikuwa mgonjwa, kaka alikuwa Mwanza. Yule mzee, wakati ule bado akibeba mizigo sokoni, aliingia kwenye maji usiku, akalifunga jokofu kwa kanga, ile "kanga 1 (yangu)" ya kwenye buku, akalibeba mgongoni mpaka kwa jirani wa juu. Sasa mgongo umekwisha, habebi tena. Kila mwezi anachukua unga kilo mbili na dagaa.

"Sasa si uandike kwamba umemlipa?"

"Nikiandika nimemlipa, atachukuaje mwezi ujao?"

Nikaitoa rangi nyekundu. Kati ya wale 11 tulifuta watano. Waliobaki kila mmoja alikuwa na habari yake, nyingine siwezi kuziandika hapa kwa sababu ni za watu. Jedwali nimelibakiza kwenye kompyuta yangu, naliongezea safu moja ambayo sijajua niipe jina gani.

Tulipomaliza akalivuta daftari lake, akafungua ukurasa wa mwisho, akanigeuzia. Juu kaandika jina langu, lote, pamoja na la ukoo, mtu pekee mwenye jina kamili katika buku zima. Soda 4, biskuti 3, karanga, bando la siku 1. Alikuwa akiniandikia kutoka kitandani, kwa kusikiliza kizibo kikifunguka.

"Elfu sita na mia mbili," akasema. "Kesho unaondoka."

Nikatoa simu nikamrushia. Ujumbe ukaingia kwake, akauleta karibu na jicho zima, akausoma wote mpaka mwisho, kisha akaniangalia.

"Na ya kutolea?"